Kula Marrakech kwa bei nafuu: pa kuanzia na pa kuacha mwisho

Marrakech, Moroko, mlo ghali si lazima uwe mtamu zaidi. Bei huamuliwa na mahali ulipokaa na saa uliyofika, kwa hiyo fuata saa za wenyeji. Napanga kuanzia pale pesa inapokushibisha zaidi.

Ya kwanza ni bisara, na hapo sina shaka. Ni supu nzito ya maharage mapana makavu, hupondwa hadi ikalainika, ikamiminiwa mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa bizari nyembamba. Huuzwa asubuhi kwenye vijiduka vya ndani ya madina (mji wa kale), bakuli karibu dirham 10, ukachovya mkate wa duara. Wahi mapema, adhuhuri sufuria huwa tupu.

Ya pili ni tanjia, chakula chenyewe cha mji huu. Nyama, kitunguu saumu, bizari na malimau ya kuchachushwa kwa chumvi (aliyezoea achari ya ndimu ataitambua harufu) hujazwa kwenye mtungi wa udongo. Mdomo hufungwa kwa karatasi, mtungi ukaachwa kwa saa nyingi kwenye majivu ya moto ya tanuri linalochemsha maji ya hamamu (bafu la umma). Huuzwa kwa kupima, basi taja uzito na ukubaliane bei kabla nyama haijaguswa. Robo kilo inamtosha mtu mmoja. Mkiwa kundi, nunueni nyama buchani: muuzaji hujaza mtungi mwenyewe, nanyi mnamlipa mtu wa tanuri ujira wake. Hapo ndipo mtaokoa pesa hasa.

Ya tatu: kuskusi, Ijumaa tu, baada ya swala.

Ya nne ni vibanda vya usiku vya Jemaa el-Fna, uwanja mkuu wa madina. Nenda kwa harira (supu ya nyanya na dengu) au supu ya konokono, achana na sinia za mishikaki. Mkate, zeituni na kachumbari vikiletwa bila kuagiza, uliza bei au virudishe palepale, la sivyo utavikuta kwenye bili.

Mwisho kabisa, mikahawa ya juu ya mapaa inayotazama uwanja. Pale unalipia mandhari. Kunywa chai ya nanaa magharibi inapoingia, ukale kwingine.

Beba pesa taslimu. Vijiduka vingi havipokei kadi, na noti ya dirham 200 huwasumbua kwa chenji. Ivunje mapema dukani.