Mwongozo wa kununua vijenzi vya programu za wavuti: kipi kilipiwe, kipi kichukuliwe bure

Anayetafuta vijenzi vya programu ya wavuti, yaani vitufe, fomu, kalenda na majedwali yaliyokwisha kuundwa ili yeye ayapange tu, hukutana na bei zinazotofautiana mno kwa bidhaa zinazofanana machoni. Sababu ni kwamba vitufe havina soko. Seti za vijenzi kama MUI, Ant Design na Bootstrap hutolewa kwa leseni ya MIT, inayoruhusu matumizi ya kibiashara bila malipo, na vitufe vyao havina kasoro ambayo fedha ingeiondoa. Kinachouzwa, hata pale tangazo linapojivunia vijenzi mia na zaidi, ni jedwali: lile linalobeba safumlalo laki moja bila kivinjari kukwama, linalochuja, linalokusanya data katika makundi, na linalotoa faili la Excel ambalo mhasibu atalifungua bila kulalamika. Kwa hiyo nimezipanga bidhaa hizi kwa ajili ya timu ndogo inayojenga mifumo ya kiofisi, na nimeangalia kwanza jedwali, kisha namna usakinishaji unavyokwenda, kisha yanayotokea leseni inapoisha.

Jambo hilo la usakinishaji wanunuzi wengi hulipuuza, ilhali kulipima hakugharimu chochote. Fungua mradi mtupu wenye toleo lile lile la kiunzi cha JavaScript (React, Angular au Vue) mnalotumia kazini, kisha sakinisha bidhaa humo kwa npm. Tangu npm 7, iliyotoka mwaka 2020, kidhibiti hicho cha vifurushi husimama na kutoa kosa la ERESOLVE pale kifurushi kinapodai toleo la kiunzi lisilolingana na lililopo. Ushauri unaosikika mara nyingi ni kuongeza --legacy-peer-deps, inayoiambia npm ipuuze mgongano huo, na kweli amri itapita, lakini onyo lililonyamazishwa ndilo lililobeba habari ambayo mnunuzi alikuwa akiitafuta: muuzaji yuko nyuma ya kiunzi chako, na ukilipa leo huenda ukawa unamsubiri kila toleo jipya linapotoka. Usakinishaji ukipita, hifadhi package-lock.json pamoja na msimbo, futa folda ya node_modules, kisha endesha npm ci, ambayo husakinisha matoleo yale yale yaliyoandikwa katika faili hilo. Rudia jambo hilo kwenye kompyuta ya pili. Kikwazo kitakachojitokeza hapo ndicho kitakachokungoja kwenye seva.

Pima ukubwa pia, kwa kujenga programu yenye kijenzi kimoja tu na kulinganisha mafaili yanayotoka na yale ya mradi mtupu, kwa kuwa bidhaa inayokubebesha maktaba nzima kwa ajili ya kalenda moja haifai hata ikiwa ya bure. Halafu weka kipanya kando na ujaribu kuchagua tarehe na kuhariri kisanduku cha jedwali kwa kibodi pekee. Karibu kila muuzaji hutaja WCAG, mwongozo wa ufikivu ambao toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023, lakini dakika 5 za kibodi hufichua mengi kuliko ukurasa wa matangazo.

Nafasi ya kwanza naipa MUI kwa wanaotumia React, na sababu yangu ni moja: unaweza kuanza bila kulipa na ukalipa baadaye bila kubomoa ulichojenga. Msingi wake husakinishwa kwa amri moja, npm install @mui/material @emotion/react @emotion/styled, na viwili vya mwisho ndivyo vinavyobeba mitindo. Anayevisahau hukutana na kosa kabla hajaona kitufe chochote. Baada ya hapo unaizungushia programu yako ThemeProvider, unaongeza CssBaseline ili vivinjari vyote vianze na mwonekano mmoja, na rangi za taasisi unaziandika mara moja ndani ya createTheme. Jedwali lipo katika kifurushi kingine, @mui/x-data-grid, ambacho nacho ni cha bure lakini kina mipaka iliyowekwa makusudi: ukurasa mmoja hauzidi safumlalo 100, na huwezi kuchuja kwa masharti mawili kwa pamoja. Mipaka hiyo ikianza kubana, unabadili jina la kifurushi na la kijenzi kuwa Pro, unaweka ufunguo wa leseni, na msimbo uliobaki hauguswi sana. Tahadhari ni kwamba kukusanya safumlalo katika makundi na kutoa faili la Excel havimo katika Pro. Vimo katika Premium, ngazi iliyo juu yake. Timu nyingi hugundua hilo baada ya kuwa zimekwisha kulipia ngazi ya kati.

AG Grid inafuata, na kwa mfumo ambao kazi yake yote ni jedwali ningeitanguliza. Haiuzi vitufe; jedwali ndiyo biashara yake, na jedwali hilo linafanya kazi katika React, Angular, Vue na hata JavaScript tupu, faida kubwa kwa taasisi yenye mifumo ya rika tofauti. Toleo la Community, lenye leseni ya MIT, linapanga, linachuja, linahariri na kutoa CSV (faili la maandishi lenye data iliyotenganishwa kwa mkato), na mara nyingi hayo yanatosha kabisa. Enterprise huongeza makundi, Excel, chati, na namna ya kuvuta data kutoka kwenye seva kidogo kidogo. Katika kuisakinisha, mambo mawili huwapotezea watu saa nzima. La kwanza ni kwamba kisanduku kinacholibeba jedwali lazima kipewe kimo, la sivyo jedwali litakuwepo lakini halitaonekana. La pili ni kwamba tangu toleo la 33 ni lazima moduli zisajiliwe kwa ModuleRegistry kabla jedwali halijachorwa, hivyo maelekezo ya zamani yakinakiliwa yalivyo huleta kosa.

Syncfusion, seti nyingine ya vijenzi, naiweka ya tatu kwa sababu ya kifungu kimoja katika leseni yake ya jamii: kampuni au mtu mwenye mapato ghafi yasiyofika dola milioni 1 kwa mwaka, wasanidi wasiozidi 5 na wafanyakazi wote wasiozidi 10, hupata seti nzima bila malipo, pamoja na majedwali, chati na lahajedwali ambavyo kwingine hulipiwa. Kwa kampuni changa hakuna ofa yenye ukarimu zaidi katika orodha hii. Hata hivyo, hesabu hiyo inahusu hali yenu, nayo hubadilika. Mkiajiri mtu wa 11, mnapaswa kuingia katika leseni ya kulipia mkiwa tayari mmejenga kila ukurasa juu ya vijenzi vyake. Ningeikubali ofa hiyo, lakini bei ya leseni kamili ningeiandika kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kendo UI ya Progress, kampuni iliyoinunua Telerik, waundaji wake wa awali, mwaka 2014, ina seti nne tofauti: ya jQuery (maktaba ya zamani ya JavaScript), ya Angular, ya React na ya Vue. Anayeutunza mfumo wa zamani wa jQuery na hana mpango wa kuuandika upya atapata hapa jedwali kamili bila kulazimishwa kuhama. Kwa mradi mpya, mvuto wake mkubwa ni msaada wa kiufundi unaolipiwa. Kumbuka tu kwamba leseni huhitajika pia kwenye seva inayojenga programu, si kwenye kompyuta za wasanidi peke yake.

Vaadin nimeiweka mwisho ingawa haishindani na hizo nyingine moja kwa moja. Imetengenezwa Finland kwa ajili ya timu za Java, na toleo lake la 24 linadai Java 17. Kurasa huandikwa kwa Java, na hali ya kila mtumiaji huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya seva. Msingi wake ni wa bure kwa leseni ya Apache 2.0, huku Grid Pro (jedwali la kuhariri), chati na lahajedwali vikilipiwa. Timu isiyo na mjuzi wa JavaScript ingeisogeza juu kabisa, mradi ikumbuke kuhesabu kumbukumbu ya seva kulingana na watumiaji wanaoingia kwa wakati mmoja.

Wanaoamua kubaki na cha bure kabisa wasidhani kwamba wamejiepusha na kila mshangao. Tarehe 25 Disemba 2018, vitufe vya programu zilizojengwa kwa Ant Design viliangukiwa na theluji, pambo la Krismasi lililofichwa ndani ya msimbo likisubiri tarehe hiyo. Kulifunga toleo katika package-lock.json hakukusaidia, kwa kuwa theluji ilikuwa imekwisha sakinishwa.

Kuhusu leseni zenyewe, tofauti inayofaa kusomwa kwa makini ni kati ya leseni ya kudumu na ya mwaka. Ile ya kudumu hukuruhusu kuendelea kutumia milele matoleo yaliyotoka ndani ya muda uliolipia. Ya mwaka ikiisha, unapoteza haki ya kuendelea na uundaji. AG Grid na MUI X, yaani familia ya vifurushi vya MUI lilimo jedwali lake, hukagua ufunguo ndani ya kivinjari bila kuwasiliana na seva ya muuzaji, kwa kulinganisha tarehe iliyo ndani ya ufunguo na tarehe ya toleo lililosakinishwa. Kwa hiyo programu iliyokwisha kuwekwa hewani haizimiki usiku leseni inapoisha. Balaa huja pale mtu anapopandisha toleo bila kujua. Niliwahi kurithi mfumo wa aina hiyo, na wateja ndio waliokuwa wa kwanza kuona maandishi ya onyo yaliyotanda juu ya jedwali la ankara.

Malipo nayo kwa kawaida huhesabiwa kwa kichwa cha msanidi, lakini kila muuzaji ana tafsiri yake ya nani ni msanidi. MUI X huwahesabu wote wanaobadilisha msimbo wa upande wa kivinjari katika mradi husika, hata yule ambaye hajawahi kuligusa jedwali, ilhali AG Grid hutenganisha pia leseni ya programu moja na ya programu nyingi. Omba tafsiri hiyo kwa maandishi kabla ya kutoa oda, ukitaja idadi ya watu, idadi ya programu, na kama kuna mkandarasi wa nje atakayegusa msimbo.