Dola 5 kwa fundi wa Birere, na kadi ya mtandao iliyokataa kuonekana

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza kila nikimtaja huyu fundi wa kompyuta wa Birere, hapa Goma: dola 5 za kuangalia tu, hata kama hakuna kitakachotengenezwa. Na noti iwe safi. Yangu ilikuwa imechanika kidogo pembeni. Akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akanirudishia bila kusema neno. Wa Goma mnaelewa. Nikatafuta nyingine.

Mimi kazi yangu ni kuhariri video za ndoa na za dote, yaani mahari. Sherehe moja yenye kamera tatu inajaza diski haraka kuliko wageni wanavyomaliza sambusa, kwa hiyo nyumbani nina seva: kompyuta ya mezani niliyoijaza diski, inakaa chini ya ngazi pamoja na betri na inveta. Tunaitumia watu watatu katika parseli moja, mimi, kijana anayenisaidia, na shemeji yangu wa nyumba ya nyuma. Madabodi yake, ule ubao mkuu wa ndani, ina tundu moja la mtandao, na mmoja akianza kunakili ndoa nzima, wengine wawili tunakaa kuangalia mstari wa kijani ukitambaa. Ndiyo nikanunua kadi ya mtandao iliyotumika yenye matundu manne, chipu ya Intel I350, gigabiti moja kwa sekunde kwa kila tundu, ili kila mtu awe na waya wake.

Nikaichomeka, nikawasha. Kimya. Nikaandika lspci, amri ya Linux inayotaja vifaa vilivyo kwenye njia za data (PCI) za madabodi: sauti ipo, USB ipo, diski zipo, kadi haipo.

Hapo nikapoteza wiki mbili nikihangaika na draiva, ile programu inayokiendesha kifaa. Nilishusha, nikafuta, nikashusha tena, na bando la intaneti likaisha katikati. Sasa najua ulikuwa ujinga. Draiva ya chipu ile, igb, inakuja ndani ya Linux yenyewe, na zaidi ya hapo lspci haihitaji draiva yoyote ili kukiona kitu. Inataja kila kinachojitambulisha kwenye njia za madabodi, kina draiva au hakina. Kadi isipokuwemo kwenye orodha ile, kuishughulikia draiva ni kumwajiri dereva na gari lenyewe hujalinunua.

Duka la kwanza nililoenda, sitalitaja, walipuliza vumbi. Lilitoka vumbi jeusi letu hili, la mawe ya volkeno yanayosagwa na magurudumu tangu 2002. Wakasugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli, wakajaribu mara moja, wakasema imekufa, na kwa bahati wanayo mpya ya dola 60. Kusugua meno si kosa, mimi mwenyewe nafanya. Lakini hawakuijaribu kadi kwenye mashini nyingine hata moja. Nikabeba vitu vyangu.

Huyu wa Birere ana chumba kisichozidi kitanda cha watu wawili, upande wa kuelekea mpakani, na mlangoni chukudu, zile skuta za mbao za mizigo, zinapita na magunia hadi unavuta miguu ndani. Jenereta ya jirani inanguruma ukutani, kwa hiyo mnaongea kwa kupaza sauti. Nilisubiri karibu saa tatu kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Hakuna namba ya foleni. Anayejua kusukuma anapita. Hilo halikunipendeza hata kidogo.

Zamu yangu ilipofika hakushika turnevisi (bisibisi).

“Mama, siku ulipoweka kadi, uliweka na kitu gani kingine?”

Nikamwambia hakuna.

“Hata diski?”

Nikanyamaza. Kweli siku ileile, kifuniko kikiwa wazi, nilichomeka na diski ya NVMe, ile nyembamba kama kipande cha chingamu inayolala kwenye madabodi. Kwangu hiyo ilikuwa habari nyingine kabisa, na tena ilikuwa inafanya kazi vizuri, nani angeishuku?

Kwanza akaichomeka kadi yangu kwenye mashini yake ya majaribio. Akaandika lspci -nn, ikatoka mistari minne, mmoja kwa kila tundu, kila mmoja ukiwa na 8086:1521. Akaweka kidole kwenye 8086. “Hii ni kama plaki ya gari, mama. Ukiiona, mwenye gari ni Intel.” (8086 ndilo jina la prosesa yao ya 1978, wakalifanya namba yao ya kujitambulisha. Nilifurahi kulijua hilo kuliko ilivyostahili.) Kwa hiyo kadi ni nzima, na dola 60 zangu zimebaki mfukoni.

Kisha akasoma namba ya modeli iliyochapwa kwenye madabodi yangu, akashusha kitabu cha maelezo ya madabodi hiyo kwa simu, akavuta maandishi kwa vidole viwili mpaka chini ya jedwali kabisa. Pale, kwa herufi za sisimizi: ukiweka diski ya NVMe kwenye nafasi ya M.2, sloti ya chini, ile ya kuchomekea kadi, inazimwa. Njia za data za madabodi zina hesabu yake, na hapo sloti mbili zimepewa njia zilezile. Mmoja akikaa, mwingine anasimama nje.

Angeweza kuishia hapo nikamwamini. Hakuishia. Akaitoa NVMe, akawasha kwa flashi yake: mistari minne. Akazima, akairudisha, akawasha: hakuna. Mara mbili hivyo, akinigeuzia skrini nione mwenyewe. Nimelipa mafundi wengi mjini hapa, na sikumbuki mwingine aliyenionyesha ugonjwa ukija na kuondoka.

Dawa yenyewe inanitia aibu kuiandika. Akaihamisha kadi kwenye sloti ndefu ya juu, ambayo miaka yote nimeiacha wazi nikidhani ni ya kadi ya picha peke yake. Kumbe kadi fupi ya njia nne inakaa vizuri kwenye sloti ya njia kumi na sita, meno yanayobaki hayana kazi, basi. Taa ya kijani ikawaka. NVMe ikabaki mahali pake.

Sasa lawama. Nilifika nyumbani usiku, nikawasha, seva haionekani na mtu yeyote. Hata tundu lake la zamani limekufa! Nikampigia simu nikiwa na hasira, nikaanza na “mdogo wangu” ile ya ukali. Akapokea, akacheka kidogo, akaniambia niunganishe skrini niandike ip link, amri inayotaja matundu ya mtandao kwa majina. Kadi ilipoingia juu ilisogeza hesabu ya vifaa vyote, na kwa kuwa Linux huliita tundu kwa mahali lilipo, lililokuwa enp2s0 sasa ni enp3s0, na mipangilio yangu bado inamwita mtu kwa jina la zamani. Kubadilisha tarakimu moja, kuwasha upya, tukamaliza. Dakika kumi hivi, na hakudai kitu. Lakini alijua litatokea, na angeniambia pale dukani nisingepanda na kushuka ngazi na skrini mikononi saa nne za usiku.

Risiti haandiki, dhamana hatoi. Mkimwendea, fikeni asubuhi kabla ya saa tatu, bebeni mashini yote na si kadi peke yake, na mkumbuke vizuri mlichogusa, maana ataanza na hapo. Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ile foleni, na kwa skrubu moja ya kifuniko iliyoangukia kwenye sanduku lake la skrubu mia. Upande ule nimefunga kwa plasta ya kidonda hadi leo.