Beringi za tairi za pikipiki kaunta za Kariakoo: ya kununua na ya kuacha

Ukiomba beringi ya tairi kwenye duka la spea Kariakoo, swali utakaloulizwa ni moja: "Unataka orijino au ya kawaida?" Swali hilo halitoshi. Herufi zilizoandikwa ubavuni, baada ya namba, zina uzito kuliko rangi ya boksi, na kwa mazingira ya Dar es Salaam ndizo zinazoamua kama beringi itavuka masika.

Tuanze na namba. 6301 ina tundu la mm 12, kipenyo cha nje mm 37, unene mm 12. 6202 ni 15, 35 na 11. 6300 ni 10, 35 na 11. Angalia hizo mbili za mwisho: nje zinalingana kabisa, kwa hiyo zote zinaingia kwenye habu ile ile (kitovu cha tairi ambamo beringi hukaa), ila ekseli ndiyo itakayokataa, au mbaya zaidi itapwaya. Ndiyo maana hatushauri kununua kwa kutaja jina la pikipiki. Matoleo hutofautiana, na mara nyingi namba ya mbele si ya nyuma. Toa ya zamani, ifute grisi, soma namba, nenda nayo dukani.

Sasa herufi. 2RS ni sili ya mpira pande zote mbili, na mdomo wake unagusa ringi ya ndani. ZZ ni kifuniko cha bati ambacho hakigusi. Kinazuia vumbi kubwa, hakizuii maji. Kwa tairi la bodaboda linalokanyaga madimbwi ya Jangwani asubuhi na mchanga wa Kigamboni jioni, ZZ tunaipa alama ya chini hata ikitoka kiwanda kizuri. Wanunuzi wengi hukosea hapa: wanatafuta maandishi ya 2RS, hawayaoni, wanaiacha beringi sahihi. NSK huandika DDU, NTN huandika LLU, SKF huandika 2RS1 au 2RSH. Zote ni sili za mpira zinazogusa. C3 maana yake ni nafasi ya ndani, kati ya gololi na ringi, iliyo kubwa kidogo kuliko ya kawaida. Kwa tairi si lazima. Fuata maandishi ya beringi iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani.

Kwenye kaunta utakuta makundi matatu. Za SKF, NSK, NTN na Koyo ni bora, ila ndizo zinazoigwa zaidi. Maandishi halali yamechongwa safi kwenye chuma na hayatoki ukisugua kwa kitambaa chenye thina. Kwa SKF kuna programu ya simu ya kampuni yenyewe, SKF Authenticate, ya kukagua boksi. Kundi la pili ni za pakiti ya mtengenezaji wa pikipiki. Kama pakiti ni halali, hizi tunazipendekeza kwa dereva wa kila siku, kwa sababu vipimo na sili tayari vimeshachaguliwa. Kundi la tatu, zilizofungwa karatasi ya mafuta bila jina, usifunge kwenye tairi. Izungushe kidoleni: mara nyingi inateleza mno kama gurudumu la mchezo, dalili kwamba grisi ni kidogo au sili haigusi. Beringi nzuri yenye sili ya mpira huzunguka kwa uzito kidogo, bila kukwaruza.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, tairi la inchi 18 linazunguka kama mara 500 tu kwa dakika. Huo ni mzunguko mdogo sana kwa beringi hizi, na hata ukibeba mishikaki (abiria zaidi ya mmoja), kwa kawaida si uzito unaoanza kuiua. Zinakufa kwa maji, mchanga na nyundo. Mashine ya presha ya kuoshea, ikielekezwa moja kwa moja kwenye habu, inasukuma maji kupita sili; mwambie kijana wa kuosha aelekeze pembeni.

Kukagua ni kazi ya dakika chache. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Ukisikia mchezo wowote kwenye habu, beringi imekwisha. Kwa mbele, hakikisha si beringi za shingo ya usukani zinazocheza; kwa nyuma, hakikisha si bushi za mkono wa nyuma. Kisha vua tairi, ingiza kidole kwenye ringi ya ndani, zungusha taratibu. Ikikwama-kwama, badilisha. Pikipiki nyingi zina beringi ya tatu, kwenye kibebeo cha sproketi ya nyuma, na hiyo ndiyo husahauliwa: mbili mpya zinafungwa, mlio unabaki, cheni inaendelea kuliwa upande mmoja.

Kwenye kufunga ndipo pesa inapopotea. Kutoa: ondoa sili ya nje, na klipu kama ipo, sogeza spesa ya kati (bomba fupi linalokaa kati ya beringi mbili) pembeni kidogo, gonga ringi ya ndani kwa zamu kuzunguka pande zote. Beringi iliyotolewa hivyo hairudi, kwa sababu nguvu imepita kwenye gololi. Kuingiza: soketi iguse ringi ya nje peke yake. Fundi akigonga ringi ya ndani, gololi zinaacha alama njiani mwake na mlio unaanza mapema. Habu ya alumini ikimwagiwa maji ya moto inapanuka na beringi inaingia kwa urahisi; ikaushe kwanza. Zamisha ya kwanza mpaka mwisho, weka spesa, kisha gonga ya pili hadi iguse spesa, uishie hapo.

Beringi mpya ikiingia kwa kusukuma kwa dole gumba, habu imelika. Kutoboatoboa nukta kwa ponchi au kupachika kipande cha kopo la soda hakudumu. Habu ipelekwe kwa fundi wa leti (mashine ya kuchonga chuma) iwekewe bushi, au ibadilishwe.

Kaza nati ya ekseli kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, kisha zungusha tairi. Likiwa lilizunguka laini kabla ya kukaza na sasa limekuwa zito, spesa haipo, imekatwa fupi, au beringi moja haijakaa chini. Fungua tena kabla pikipiki haijatoka gereji.