Maziwa ya ng'ombe wa nundu na mbuzi wa kienyeji: uzito upo, sifa nyingine zimetiwa chumvi

Acha glasi mbili kwenye jokofu usiku kucha, moja ya maziwa mabichi ya ng'ombe wa nundu na nyingine ya mbuzi. Asubuhi, ya ng'ombe yamevaa malai ya manjano; ya mbuzi bado ni meupe pe, na malai karibu hayaonekani. Weupe huo usikutie shaka. Karotini, rangi ya manjano iliyomo kwenye majani, hupita na kuingia kwenye mafuta ya ng'ombe, ilhali mbuzi huigeuza kuwa vitamini A kabla haijafika kiweleni. Chembe za mafuta ya mbuzi pia ni ndogo, na maziwa yake hayana ile protini inayozishikanisha zikapanda juu upesi.

Kwa mafuta, ng'ombe wa asili anastahili sifa zake. Friesian hutoa maziwa yenye mafuta asilimia 3.5 hadi 3.8 hivi, zebu, yaani huyo wa nundu, mara nyingi hufika 4.5 hadi 5.5. Anayetengeneza samli huiona tofauti sufuriani: lita 10 za asilimia 5 zina takriban nusu kilo ya mafuta, za asilimia 3.6 hazifiki gramu 400. Ila zebu huzitoa lita hizo kwa kudunduliza.

Kasoro kubwa iko kwenye ukamuaji, na wauzaji hawaisemi. Maziwa yanayotangulia kutoka kwenye chuchu huwa na mafuta asilimia 1 au 2 tu. Ya mwisho kabisa yanaweza kupita 8. Zebu wengi hawashushi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya, na mkamuaji akimwachia ndama yale ya mwisho, ndoo inabaki na maziwa mepesi kutoka kwa ng'ombe mwenye jina la maziwa mazito. Muulize anayekuuzia: ndama anatengewa chuchu yake, au anamalizia zote? Akitengewa moja na nyingine zikakamuliwa hadi tone la mwisho, hapo utapata mafuta kamili.

Laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa ukilinganisha na maji, peke yake haitakusaidia. Maziwa mazima husoma 1.028 hadi 1.032 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Maji hushusha namba, kuengua malai huipandisha, kwa hiyo anayefanya yote mawili anaweza kurudi palepale kwenye namba nzuri. Glasi ya usiku kucha humfichua, kwa maziwa ya ng'ombe tu.

Neno A2 kwenye kifungashio ni kweli, ila halina uzito linalopewa. A2 na A1 ni aina mbili za kasini beta, protini mojawapo ya maziwa. Zebu karibu wote hutoa ya A2, na ya mbuzi inafanana nayo. Lakini mwaka 2009 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia tafiti zilizokuwapo na haikupata uthibitisho kwamba A1 husababisha magonjwa. Nunua kwa ajili ya mafuta na ladha.

Ya mbuzi yana kalsiamu na potasiamu zaidi kidogo, na mgando wake tumboni mara nyingi ni laini. (Ulaini huohuo hufanya mtindi uwe majimaji, gramu 30 za maziwa ya unga kwa lita huusaidia kushika.) Panapouma ni folati, vitamini inayohitajika kutengeneza damu: karibu mikrogramu 1 kwa gramu 100, wakati ya ng'ombe yana kama 5. Vitamini B12 nayo ni haba. Mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya mbuzi peke yake anaweza kupungukiwa damu, basi yasichukue nafasi ya maziwa ya mama wala ya kopo la watoto. Mwenye mzio wa protini za maziwa ya ng'ombe asiyakimbilie pia. Wengi wao hudhurika vilevile. Na anayesumbuliwa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, hatapata nafuu ya maana, kwa kuwa tofauti haifiki hata asilimia 1.

Harufu kali si lazima iwe tabia ya mbuzi. Beberu akifungwa jirani na majike wanaokamuliwa, harufu yake huhamia kwenye maziwa. Yakichelewa kupoa au yakitikiswa sana dumuni, vimeng'enya hupasua mafuta na kuachia asidi zenye ukali. Yashushwe hadi nyuzi 4 ndani ya saa 2, na ya moto yasimwagwe juu ya yaliyokwisha kupoa.

Yote mawili yapashwe kabla ya kunywewa, kwa sababu ya brusela na kifua kikuu: nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Usiyarudie kuyachemsha, folati hiyo kidogo itazidi kupungua. Ya mbuzi hukatika kirahisi kwenye moto mkali hata yakiwa mabichi ya leo, hivyo weka moto mdogo na ukoroge hadi chini ya sufuria.