Uzoefu wangu: nilivyotibiwa fistula hospitali ya CCBRT Dar, bure mpaka nauli

Nianze na hela mana ndo swali la kwanza la kila mtu. Sikutoa hata mia. Vipimo, upasuaji, dawa, kitanda, chakula, vyote bure, na nauli ya kutoka kwetu Kilindi mpaka Dar ilitumwa kwa M-Pesa. Haikuja kwangu mana simu sikuwa nayo, ilienda kwa balozi, yani mtu ambae hospitali inashirikiana nae kutafuta wagonjwa huku vijijini, wetu alikuwa mama mmoja ambae na yeye alishawahi kushonwa hapohapo, akakata tiketi akanipandisha basi. Hiyo ilikuwa 2016, kwa sasa ulizia kwanza utaratibu wa nauli ukoje. Ila nasema ukweli bila ile nauli nisingefika, watu walishatutajia bei za ajabu na mume wangu alikuwa anatafuta mteja wa mbuzi zetu ambazo hata zikiuzwa zote zisingefika hata nusu ya hiyo bei.

Kwa ambao hawajui, fistula ni tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana huwezi kuubana (wengine tundu linakuwa upande wa haja kubwa, wengine kote kote). Yangu ilitokana na uchungu uliokwama. Kichwa cha mtoto kimekaa kwenye nyonga hakishuki, zahanati moja wananiambia sukuma tu sukuma, mpaka gari linapatikana siku ya pili imeisha na mtoto alishafariki. Daktari wa Dar alikuja kunieleza kwamba nyama ikibanwa muda wote ule kati ya kichwa na mfupa inakosa damu inakufa, baada ya siku kadhaa inadondoka ndo tundu linabaki. Huku nyumbani mama mkwe alishasema nimerogwa, na mimi nusu nilishaamini.

Sasa kitu ambacho wengi tunafanya ukiwa na hii shida ni kuacha kunywa maji ili mkojo upungue. Haupungui, unakuwa mkali, unanuka zaidi na unachubua mapaja mpaka kutembea ni kazi. Pale wodini kitu cha kwanza manesi wanakukomalia ni maji, kunywa, kunywa, mkojo uwe mweupe. Nilikuwa naona kama wananitesa.

Kupima wanaingiza dawa ya bluu kwenye kibofu kwa mpira alafu wanaangalia inavujia wapi. Mimi damu ilikuwa chini ikabidi nile damu ipande kwanza ndo nishonwe. Upasuaji wenyewe ni sindano ya ganzi mgongoni, uko macho unasikia wanavyoongea ila maumivu hakuna. Kazi ni baada ya hapo, mpira wa mkojo unakaa kama wiki mbili na ukiziba au ukijikunja mkojo unajaa kibofu kinavutika na mshono unaweza kuachia, kwa hiyo muda wote unaangalia mpira wako unadondosha au haudondoshi, hata kulala unalala kwa machale. Usiku mmoja wangu uligoma, nikaita nesi akaja hapohapo akausafisha na wala hakunifokea, kitu ambacho mimi nilikuwa sijakizoea.

Na msidanganywe kwamba huu ni ugonjwa wa vibinti tu. Wodini kulikuwa na mama wa watoto sita, kulikuwa na dada aliyepata tundu baada ya operesheni ya kizazi, na bibi mmoja ambae alikuwa anavuja tangu mimi sijazaliwa, miaka yote hiyo hajui kama inatibika. Pia sio kila mtu anakauka mara ya kwanza, jirani yangu wa kitanda aliambiwa apumzike miezi kadhaa arudi tena, na mwingine tundu liliziba vizuri ila akikohoa mkojo unamtoka kidogo, akawa anafundishwa mazoezi ya kubana. Mimi nilikauka. Siku mpira unatolewa nilikaa kwenye shuka kavu nikawa nalipapasa papasa tu kama chizi.

Wa kanda ya ziwa ulizieni hospitali ya Bugando Mwanza, na wao wanashona fistula. Na kwa wasio na pa kurudi kuna Mabinti Centre hapo hapo Dar, wanawafundisha cherehani na kuchapa vitambaa wanawake waliotibiwa, mimi sikwenda mana mume wangu alinisubiri.

Ukitoka unaambiwa miezi mitatu msikutane na mume, usibebe vizito, na mimba inayofuata ni upasuaji hospitali hakuna kujaribu kusukuma. Mtoto wangu aliyefuata alizaliwa hivyo. Mimba ilipofikisha mwezi wa nane nilihamia kwa shangazi Korogwe jirani na hospitali, mana kwenye kadi ya kliniki walishaandika fistula kwa peni nyekundu na nesi aliniambia nikithubutu kusubiria uchungu kijijini tutagombana.