Diski ya almasi kwa vigae vya poselini: uzoefu wangu

Kama unakata vigae vya poselini, nunua diski ya almasi yenye ukingo mzima, yaani ile ambayo mzunguko wake hauna mapengo. Mimi ni fundi wa vigae Dar es Salaam, natumia ya milimita 115 kwenye grainda ndogo, na kwa poselini sitaki nyingine. Ile ya mapengo ni nzuri kwa zege na tofali, lakini poselini huimenya ukingoni, na jicho la mteja huenda palepale. Hii ya ukingo mzima inakwenda taratibu zaidi, ila inaacha mstari safi hata kwenye kona ya choo ambako hakuna pa kuficha kitu.

Wateja huuliza kama ni almasi kweli. Ni kweli, ila si ya kuchimbwa kama za Mwadui. Ni chembe ndogo zinazotengenezwa kiwandani kutokana na kaboni, kwa joto linalozidi nyuzi 1,300 na mgandamizo wa makumi ya maelfu ya mara ya ule wa hewa. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kufanikiwa kuzitengeneza mwaka 1955, na leo almasi nyingi zinazofanya kazi viwandani ni za aina hiyo.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi inavyofanya kazi. Diski hii haina meno, inasaga. Chembe za almasi zimeshikwa ndani ya mchanganyiko wa metali kama kobalti na shaba. Chembe za juu zikichakaa, metali inayozishika nayo inalika na kufunua chembe mpya. Kwa hiyo kitu kigumu kama poselini kinataka diski yenye metali laini, inayolika upesi. Tofali la saruji lenye mchanga mwingi linataka metali ngumu, la sivyo diski inakwisha mapema mno. Ndiyo maana nasisitiza usome lebo kabla ya kulipa. Muuzaji akikwambia inakata kila kitu, muulize ilitengenezwa kwa kazi gani hasa.

Ikifika mahali diski inateleza juu ya kigae na ukingo wake unang'aa, usiitupe. Metali imefunika almasi. Pitisha mikato michache kwenye tofali la saruji. Mchanga utaikwangua metali na makali yatarudi. Nimeona mafundi wengi wakitupa diski ambazo bado zilikuwa na kazi nyingi ndani yake, na inaniuma kwa sababu bei yake si ndogo.

Joto ndilo adui yake. Nakata kidogo kidogo, kisha naiacha izunguke hewani ipoe. Sipendi kabisa mtindo wa msaidizi kumwagia maji grainda ya umeme ya mkononi, maana umeme hausamehe. Ukitaka kukata kwa maji, tumia mashine ya mezani yenye beseni lake.

Ukikata kwa ukavu, jilinde na vumbi. Lina silika, na silika ikiingia mapafuni miaka kwa miaka inaleta ugonjwa wa silikosisi, ambao hauna tiba. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Vaa barakoa ya N95, na miwani.

Kabla ya kufunga diski, tazama mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka na kasi ya juu iliyoandikwa. Yangu inaruhusu mizunguko 13,300 kwa dakika, na grainda yangu inakwenda 11,000, kwa hiyo iko salama.

Usiitumie kukatia nondo. Almasi ni kaboni, na chuma kikipata moto huifyonza kaboni hiyo, hivyo makali yanakufa haraka. Kwa nondo, diski ya kawaida ya kukatia chuma ni rahisi kwa bei na inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.