Umeme wa Houston na wa San Antonio

Miji yote miwili iko Texas, Marekani. Tangu Januari 2002, mkazi wa Houston hujichagulia kampuni ya kumuuzia umeme. Nguzo na nyaya hazibadiliki. Kinachobadilika ni bei na mkataba. San Antonio hakuna kuchagua: muuzaji ni CPS Energy, shirika la mji tangu 1942.

Ushindani humfaa anayesoma mkataba hadi mstari wa mwisho. Lakini katika baridi kali ya Februari 2021, bei ya jumla ilifika dola 9 kwa uniti, na Texas wateja waliochagua mikataba inayofuata bei hiyo waliletewa bili za maelfu ya dola. Giza liliikumba miji yote miwili.

Kwa familia ya kipato kidogo, ningechagua San Antonio: meya yumo kwenye bodi ya CPS Energy, na wananchi wanajua mlango wa kubisha.